Kuku Wageni Wasiotaga

Maelezo kwa wafugaji wa Kidatu na Bonde la Kilombero

Si jambo geni katika Kidatu, Mkamba, Mang'ula na hata Ifakara, kumwona mtu amepata fedha kidogo baada ya kuuza mpunga au miwa yake, akanunua mitetea mitatu au minne kwa nia ya kupata mayai. Juma la kwanza hupita, la pili hupita, wala yai moja halijaonekana. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema kwamba mchuuzi amemdanganya. Mwingine husema kwamba jirani ana kijicho. Wa tatu hanena neno, bali hunoa kisu. Mara nyingi kisu hicho humwangukia kuku aliyebakiza siku chache tu aanze kutaga.

Hasara yake si ndogo. Mtetea wa kienyeji kwa desturi hutaga mayai 40 hata 60 kwa mwaka, kwa mikupuo mitatu au minne, na kila mkupuo huweza kuwa kundi la vifaranga. Amchinjaye kabla ya wakati amepata kitoweo cha siku moja, na amepoteza mayai ya watoto wake, mbegu ya kundi lake, na pengine urafiki na yule aliyemwuzia.

Karatasi hii imeandikwa ili kukuonyesha, ewe mfugaji, kwamba kuku mgeni asiyetaga aghalabu si kuku mbovu, wala hakurogwa. Ana sababu yake, na sababu hiyo huonekana kwa macho au hujulikana kwa kupapasa kwa mkono. Ukizijua dalili, utamjua wa kungojewa, na wa kulishwa vizuri zaidi, na yule ambaye kwa kweli hafai ila kwa mchuzi.

Yai si kazi ya siku moja

Watu wengi hudhani kwamba yai hufanyizwa lote usiku mmoja. Ni kweli kwamba tangu kiini kinapotoka katika kifuko chake hata yai kutagwa hupita saa 24 hata 26, na katika hizo karibu saa 20 ni za kufanyiza ganda peke yake. Lakini kabla ya hapo kiini chenyewe kilikuwa kikikua upesi kwa muda wa siku 7 hata 10. Ukimpasua mtetea aliyekuwa akitaga utaona viini vyake vimepangika kama ngazi: kimoja kikubwa kilicho tayari, cha pili kidogo kuliko hicho, cha tatu kidogo zaidi, hata vile vilivyo kama punje za mtama. Kila kimoja hungoja zamu yake.

Basi kuku akipatwa na hofu kubwa, au kiu, au njaa, au ugonjwa, mwili wake huiacha kazi hiyo ili upate kuponya maisha yake kwanza. Viini vile vilivyokuwa vikikua havikai vikingoja. Hunyonywa tena na mwili, na ngazi ile huvunjika. Hata akitulia siku ya pili, hawezi kutaga siku ya tatu, kwa kuwa sharti aanze ngazi yake upya tangu chini. Kwanza siku za kutulia, kisha siku za kukuza kiini, mwisho siku ya ganda. Kwa hiyo kuku aliyehamishwa, asipotaga kwa majuma mawili, matatu au hata manne, hajavunja desturi yo yote ya kuku. Anayapanga mayai yako tumboni, na wewe huyaoni.

Ugeni na safari

Wazee walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii husemwa kwa ajili ya watu, lakini hapa yafaa tuirudishe kwa kuku mwenyewe. Yeye alitolewa katika ua aliouzoea, akafungwa miguu, akaning'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli, au akabanwa pamoja na wenzake katika tenga juani. Njiani hakunywa maji. Alipofika alifungwa kamba chini ya mti, mahali asipopajua, na kuku wenyeji wakamjia kumdonoa. Kiumbe aliyetendwa hivyo hawezi kuleta yai kesho yake.

Tena katika bonde letu kuna ugeni wa namna nyingine ambao watu hawauhesabu. Wakulima wengi wa mpunga huacha nyumba zao za kijijini wakati wa kilimo, wakahamia mashambani, wakakaa huko wakilinda ndege hata mavuno. Na kuku hubebwa pamoja na vyungu. Kuku hao hawakununuliwa, walakini ni wageni mara mbili kwa mwaka: waendapo shambani na warudipo kijijini. Mwenye nao asishangae akiona kwamba mayai yamekatika kila baada ya kuhama.

Dawa ya kwanza ya ugeni ni maji. Katika yai zima, pamoja na ganda lake, karibu sehemu mbili katika tatu ni maji. Kuku hana jasho. Apatapo joto hutweta mdomo wazi, na kwa kutweta hupoteza maji mengi. Katika joto la Kilombero, hasa miezi ile kabla ya mvua kubwa, kuku aliyekosa maji mchana mmoja tu aweza kukata kutaga kwa siku nyingi. Weka chombo kizito kisichopinduka, kivulini, ukabadilishe maji asubuhi na mchana.

Dawa ya pili ni mahali pa kukaa. Yafaa umzungushie uzio mdogo wa fito au wavu kuliko kumfunga kamba. Kama huna budi kufunga, tumia kitambaa laini, wala usitumie katani ambayo huchuna ngozi na kuvimbisha mguu. Banda liwe na hewa, paa lisilovuja, na fito za kulalia usiku.

Dawa ya tatu ni mwanga. Wengine kwa kuogopa wezi humfungia kuku mgeni mchana kutwa katika stoo yenye giza. Hilo ni kosa, kwa sababu mwili wa kuku huhesabu urefu wa mchana, na giza humwambia kwamba majira ya kutaga yamekwisha. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema sana juu ya jambo hili, kwa kuwa huko mchana wa Desemba ni mfupi mno. London haupati saa 8, na kuku wengi huacha kutaga. Kwetu si hivyo. Katika Kidatu tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Basi usilaumu majira. Kama kuku wako amekosa mwanga, giza hilo limetoka katika banda lako.

Mtenge mgeni kwa siku kumi na nne

Hapa pana neno kubwa kuliko mayai yenyewe. Kuku mgeni aweza kuonekana mzima, na ndani yake amechukua mdondo, ugonjwa ambao wataalamu waliutambua kwanza mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Mdondo hauna dawa ya kuuponya. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kuua karibu kuku wote wa ua, kisha wa jirani, kisha wa kijiji. Dalili zake ni kuzubaa na kushusha mabawa, kuhema kwa shida, kuhara choo cha kijani, na shingo kupinda.

Kwa hiyo kuku ye yote uliyemnunua, au aliyerudi kutoka mnadani bila kuuzwa, sharti umtenge mbali na wenyeji kwa siku 14, na chombo chake cha maji kiwe peke yake. Uwahudumie kwanza kuku wako wa zamani, kisha wageni, ukanawe mikono na miguu. Akifa mgeni, mchome moto au mfukie shimo refu. Usimtupe porini wala katika mto Ruaha, kwa maana kufanya hivyo ni kuwapelekea wengine msiba.

Kinga ya mdondo ni chanjo. Ile iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na kwa hiyo yafaa vijijini. Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne kama Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wa kata atakavyoeleza. Chanjo haimwokoi kuku aliyekwisha kuugua, na kinga yake huchukua siku kadhaa kujengeka. Patana na majirani mchanje siku moja, maana kuku hawajui mpaka wa ua.

Katika siku hizo 14 mkague mgeni usiku kwa taa. Tazama chini ya mabawa na kuzunguka tundu la kutagia kama ana chawa au utitiri. Wadudu hao humnyonya damu na kumnyima usingizi, wala hatatagi vema. Umpe shimo la majivu makavu na mchanga apate kujigaragaza, na kwa dawa ya dukani uulize kwanza.

Zitakapotimia siku 14 naye yu mzima, mtie pamoja na wenyeji usiku, wakiwa wamelala juu ya fito. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbali kimoja na kingine. Kwa kuwa kuku wana ukubwa na udogo wao, na mgeni hufukuzwa penye chombo kimoja hata akashinda na njaa mbele ya chakula.

Mtazame kuku mwenyewe

Ikiwa amepumzika, amekunywa, amekula, na siku thelathini zimepita bila yai, sasa mkamate taratibu umtazame.

Anza kwa kichwa. Mtetea anayetaga, au aliye karibu kutaga, ana upanga mwekundu, laini na wenye kung'aa. Upanga uliosinyaa na kupauka ni dalili ya asiyetaga. Kisha tazama tundu la kutagia: la mwenye kutaga ni pana na lenye unyevu, la asiyetaga ni dogo, kavu, limejikunja. Kando ya tundu hilo utapapasa ncha mbili za mifupa ya nyonga. Vidole vyako viwili au vitatu vikipita katikati ya ncha hizo, huyo hutaga. Kikipita kidole kimoja kwa shida, hatagi kwa sasa.

Ukisha kujua kwamba hatagi, tafuta ni kwa nini. Pengine ni tembe bado, yaani mtetea mchanga. Kuku wa kienyeji aghalabu huanza kutaga akipata miezi sita au saba. Chotara kama Kuroiler na Sasso huanza mapema kuliko hapo wakilishwa vema. Tembe ana miguu laini, na mifupa ya nyonga imekaribiana. Huyo mngoje.

Pengine amenyonyoka manyoya. Kuku mkubwa huvaa manyoya mapya kila mwaka, na safari ngumu huweza kuanzisha jambo hilo kabla ya wakati. Manyoya hufanyizwa kwa chakula kile kile cha kujenga mwili kilichokuwa kifanyize mayai, kwa hiyo hawezi kazi mbili pamoja. Ukiona manyoya yametapakaa bandani, na machipukizi kama sindano shingoni, mpe miezi miwili au mitatu na chakula kizuri.

Pengine ni mama. Mchuuzi hununua kuku popote, hata aliyekuwa akilalia mayai au kulea vifaranga. Kuku kama huyo ameacha kutaga kwa desturi yake. Akijikunyata katika kiota kitupu na kuvimbisha manyoya ukimkaribia, bado ana hamu ya kulalia. Mtoe, umweke siku chache katika uzio wenye mwanga na hewa bila kiota, na hamu hiyo hupungua.

Pengine ni mzee. Magamba ya miguu yamekuwa manene na makavu, makucha marefu, na mwendo mzito. Huyo, pamoja na dalili za upanga na nyonga, ndiye halali ya kisu.

Tena kumbuka namna ya kuku. Kuchi ni mkubwa na mwenye nyama, lakini hasifiki kwa mayai. Usimdai kazi ya mwingine. Na wale wasemao kwamba mtetea hatagi kwa sababu hana jogoo wamekosa: mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo hutakiwa ili yai liweze kutoa kifaranga.

Chakula katika nchi ya mpunga

Katika bonde letu pumba na chenga za mchele hupatikana kwa urahisi, na kuku wengi hawapewi kingine. Vyakula hivi hujaza tumbo na kutia nguvu, lakini havitoshi kufanyiza yai. Yai lataka chakula cha kujenga mwili, nalo lataka chokaa. Ganda ni karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wa yai, na ndani yake mna karibu gramu 2 za kalisi, ambayo ndiyo asili ya chokaa. Kuku asiyeipata katika chakula huitoa katika mifupa yake mwenyewe, na ikipungua sana huacha kutaga.

Kwa hiyo kila konzi tatu za pumba na chenga changanya konzi moja ya mashudu ya alizeti pamoja na dagaa kidogo waliotwangwa. Asiye na mashudu atafute mchwa, vichwa vya samaki vilivyokaushwa, au kunde zilizochemshwa. Mpe pia majani mabichi kama mchicha na matembele. Usimpe mahindi wala karanga zenye ukungu, maana zina sumu.

Kwa chokaa, maganda ya mayai yakaushwe, yakaangwe kidogo motoni, yasagwe hata yasionekane kuwa ni maganda, yawekwe katika chombo chake peke yake. Kuku atajua kiasi chake. Duka la vyakula vya mifugo huuza chokaa ya kulisha. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba.

Mayai yapo lakini huyaoni

Kabla ya kusema kwamba kuku hatagi, fanya yakini kwamba hatagi. Ukipapasa nyonga ukaona amefunguka, na kiota ki kitupu, basi mayai yanakwenda mahali. Mgeni hakijui kiota ulichomwekea. Hutafuta kificho chake mwenyewe, katika miwa, chini ya ghala, au kichakani. Kwa kuwa kuku wengi hutaga kabla ya mchana kupinda, mfungie bandani hata saa sita mchana kwa muda wa juma moja, kisha umfungulie. Kiota kiwe sanduku au kikapu chenye upana wa kumtosha kugeuka, kimetandikwa nyasi kavu za mpunga, katika pembe yenye kivuli. Acha ndani yake yai moja lililotiwa alama ya mkaa, ili aone kwamba hapo ndipo mahali pa kutagia.

Wako pia walaji. Kenge, nyoka, nguchiro na panya ni wengi kandokando ya mto na chini ya milima ya Udzungwa. Ziba matundu ya banda, fyeka majani yaliyolizunguka, ukayaokote mayai kila siku. Wazee walisema, kuku havunji yai lake. Lakini kuku mwenye upungufu wa chokaa hulivunja na kulila. Ukiona nyasi za kiota zimelowa ute, na vipande vya maganda, mwongezee chokaa, na ukaokote mayai mara mbili kwa siku kabla tabia hiyo haijakomaa.

Kabla ya kununua tena

Siku nyingine utakapokwenda sokoni, yapapase hayo yote kabla ya kutoa fedha. Tazama upanga, tundu la kutagia, nyonga, miguu, na chini ya mabawa. Mwulize mwenye kuku ana umri gani, amechanjwa lini, na kama alikuwa na vifaranga. Heri kununua kwa jirani unayejua ua wake kuliko tenga la mchuzi asiyejua kuku wake walitoka wapi. Mbebe katika kikapu chenye hewa, wakati wa jioni, umnyweshe afikapo.

Basi shika hesabu hii. Siku kumi na nne za kutengwa. Siku kumi na sita za kuzoea kundi na kupanda ngazi ya viini vyake. Siku ya thelathini umpapase. Tembe, mwenye kuvaa manyoya mapya na mama mpe muda wake. Mwenye njaa mwongezee chakula. Mwenye kiota cha siri mfuate. Atakayebaki bila udhuru wo wote, huyo mle wewe na watoto wako, na roho yako itulie kwamba hukumchinja mwenye mayai tumboni.